Nuru Njiapanda: Uoanishaji wa Nuru kutoka Uzi wa Kioo hadi Chipu na Suala la Istilahi za Kiswahili

1.0 Utangulizi

Nyakanazi ni njiapanda. Katika mji huu mdogo wa Wilaya ya Biharamulo, Mkoa wa Kagera, barabara itokayo Kigoma kupitia Kasulu, Kibondo na Kakonko hukutana na barabara kuu itokayo Isaka na Kahama kuelekea Rusumo na Kabanga, vituo vya mpakani vilivyomo katika Wilaya ya Ngara. Malori yanayopeleka mizigo Rwanda na Burundi hupita hapa. Wasemaji wa Kisubi, Kihangaza, Kiha, Kizinza na Kisukuma hufanya biashara hapa, na lugha inayowakutanisha ni Kiswahili.

Umeme nao una njiapanda yake Nyakanazi. Kipo kituo cha kupozea umeme wa msongo wa kilovolti 220, ambacho hupokea njia itokayo Geita na ile itokayo Rusumo, kwenye mradi wa megawati 80 katika Mto Kagera unaomilikiwa kwa pamoja na Tanzania, Rwanda na Burundi. Kwa kawaida, juu ya nguzo za njia za namna hii hupitishwa waya wa kukinga radi, na ndani ya waya huo huwekwa nyuzi nyembamba za kioo zinazosafirisha taarifa kwa nuru. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ulioanza kujengwa mwaka 2009 na kusimamiwa na TTCL, ulitumia kwa sehemu nyaya za aina hiyo za TANESCO, na kwa sehemu nyingine nyaya zilizofukiwa ardhini kando ya barabara. Mkongo huo hufika Rusumo na Kabanga, na kutoka huko huunganishwa na mitandao ya nchi jirani.

Mhadhara huu unashughulikia sehemu fupi kuliko zote katika safari ya nuru hiyo, yaani pale inapotoka kwenye uzi wa kioo na kuingia kwenye chipu. Hoja zake ni mbili. Kwanza, hasara kubwa ya nuru inaweza kutokea katika sehemu hiyo isiyofikia upana wa unywele, kuliko katika makumi ya kilomita yaliyotangulia. Pili, kitenzi kilichozoeleka kutumiwa kueleza jambo hili kwa Kiswahili, yaani “kuunganisha”, kinaificha hasara hiyo. Ilhali Kiswahili kina kitenzi kingine kinachoifichua.

2.0 Safari ndefu yenye hasara ndogo

Uzi wa kioo unaotumika katika masafa marefu una unene wa mikromita 125, ambao unakaribiana na unene wa unywele wa binadamu. Mikromita moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Ndani ya uzi huo mna kiini chenye upana wa mikromita 8 hadi 9, kilichozungukwa na gamba. Kiini na gamba vyote ni kioo, lakini kioo cha kiini huipunguza nuru mwendo zaidi kidogo kuliko kile cha gamba. Tofauti hiyo ndogo yatosha kuizuia nuru isitoroke: kila inapoelekea kwenye gamba hurudishwa ndani.

Mwaka 1966, Charles Kao na George Hockham, wakifanya kazi nchini Uingereza, walionyesha kwamba kilichozuia nuru kusafiri mbali ndani ya kioo ni uchafu uliomo katika kioo chenyewe. Mwaka 1970 watafiti wa kampuni ya Corning nchini Marekani walitengeneza uzi uliopoteza chini ya desibeli 20 kwa kilomita. Leo uzi wa kawaida hupoteza takriban desibeli 0.2 tu kwa kilomita, kwa nuru isiyoonekana kwa macho yenye urefu wa wimbi wa nanomita 1,550. Kao alitunukiwa Tuzo ya Nobeli ya Fizikia mwaka 2009, mwaka ule ule ambao ujenzi wa Mkongo wa Taifa ulianza.

Desibeli ni kipimo cha uwiano. Hasara ya desibeli 3 maana yake ni kwamba nusu ya nuru imebaki. Ya desibeli 10, sehemu moja ya kumi. Ya desibeli 20, sehemu moja ya mia. Kwa hiyo, uzi unaopoteza desibeli 0.2 kwa kilomita hupunguza nuru kwa nusu baada ya kilomita 15. Kutoka Nyakanazi hadi Rusumo ni takriban kilomita 100. Nuru ikisafiri umbali huo bila kuongezewa nguvu, hasara yake ni desibeli 20, na sehemu moja tu katika mia ndiyo itakayofika. Bandu bandu huisha gogo. Hata hivyo, hasara hii inajulikana mapema, hivyo wahandisi huipangia kwa kuweka vikuza nguvu njiani.

3.0 Kiungo kifupi chenye hasara kubwa

Uzi mmoja ukikatika, fundi huchukua ncha mbili, huzimenya, huzisafisha, huzikata zikawa bapa, kisha huziyeyusha pamoja kwa cheche ya umeme. Kiungo kilichofanywa vizuri hupoteza chini ya desibeli 0.1, sawa na hasara ya nusu kilomita ya uzi. Kazi hii huhitaji umakini, kwa kuwa punje moja ya vumbi yaweza kuwa pana kuliko kiini chote. Lakini inawezekana kwa sababu vinavyoungwa ni vitu vya aina moja: kiini kwa kiini, upana kwa upana.

Hali hubadilika nuru inapofika mwisho wa uzi. Hapo sharti igeuzwe kuwa umeme ili kompyuta au simu iweze kuitumia, na kazi hiyo hufanywa na chipu zilizomo ndani ya kifaa cha kupokelea na kurushia taarifa. Katika baadhi ya vifaa hivyo nuru hupitishwa kwanza kwenye mifereji midogo iliyochongwa juu ya chipu ya silikoni, ambamo huchujwa, hugawanywa na huandikiwa taarifa. Kampuni ya Intel ilianza kuuza vifaa vya namna hii kwa ajili ya vituo vya data mwaka 2016.

Mfereji wa nuru katika chipu ya silikoni kwa kawaida una upana wa takriban nanomita 450 hadi 500 na kimo cha nanomita 220. Nuru iliyomo katika uzi imetanda kwa upana wa takriban mikromita 10, yaani nanomita 10,000. Ukilinganisha eneo kwa eneo, doa la nuru la uzi ni kubwa kuliko mfereji wa chipu kwa zaidi ya mara 500. Ncha ya uzi ikigusishwa tu kwenye ncha ya mfereji, sehemu inayoingia ni takriban moja katika mia, au pungufu. Hasara hiyo ni kama desibeli 20. Kwa maneno mengine, mguso huo mmoja waweza kuigharimu nuru sawasawa na safari nzima ya kutoka Nyakanazi hadi Rusumo.

Sababu zake ni tatu, na ni muhimu zitenganishwe. Ya kwanza ni tofauti ya ukubwa na umbo la nuru, ambayo imekwisha kuelezwa. Ya pili ni kuakisiwa. Silikoni huipunguza nuru mwendo kwa karibu mara tatu na nusu ikilinganishwa na ombwe, na kioo kwa takriban mara moja na nusu. Nuru inapokutana na mabadiliko makubwa ya ghafla ya namna hiyo, sehemu yake hurudi ilikotoka; katika mpaka wa hewa na silikoni hurudi takriban asilimia 30. Ya tatu ni kukosea shabaha. Nyuzi mbili za kawaida zikipishana kwa mikromita mbili na nusu, hasara ni kama desibeli 1. Doa la nuru likifinywa hadi mikromita 3, hasara hiyo hiyo hutokea kwa kupishana chini ya mikromita moja. Gundi inayokauka na kunywea kidogo, au joto linalotanua chuma cha kifaa, vyatosha kuharibu kazi.

4.0 Namna mbili za kuiingiza nuru

4.1 Kupitia ubavuni

Anayelifikiria tatizo hili kwa mara ya kwanza huenda akakumbuka faneli: mdomo mpana juu, shingo nyembamba chini, na mafuta ya taa yakaingia katika chupa bila kumwagika. Kufuatana na mfano huo, mfereji wa chipu ungepaswa kupanuliwa mdomoni. Yapo matengenezo ya namna hiyo, lakini lililofanikiwa zaidi katika silikoni linakwenda kinyume kabisa. Mfereji hauongezwi upana; hupunguzwa hatua kwa hatua hadi ncha yake ifikie takriban nanomita 100.

Nuru haitendi kama mafuta. Mfereji ukiwa na upana wa kutosha, huishika nuru ndani yake. Ukipunguzwa mno, hushindwa kuishika, na nuru hutanda nje ya mfereji, katika kioo kilichouzunguka, ingawa bado inaufuata. Hivyo, kadiri ncha inavyopungua, ndivyo doa la nuru linavyokua. Mwishoni, doa hilo hufikia upana wa mikromita kadhaa, ambao unaweza kulingana na doa la uzi ulionolewa ncha mithili ya lenzi. Watafiti nchini Japani walitoa matokeo ya njia hii mwaka 2002, na wengine wa Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani walifanya hivyo mwaka 2003. Ikitekelezwa vizuri, hasara huwa chini ya desibeli 1.

Lipo sharti moja: mabadiliko ya upana yawe ya polepole. Mfereji ukipunguzwa ghafla, nuru hutawanyika badala ya kutanda. Haraka haraka haina baraka, na hapa msemo huo una maana inayoweza kupimwa: ni mikromita ngapi za urefu zinahitajika ili umbo moja la nuru ligeuke kuwa jingine pasipo kumwagika.

4.2 Kupitia juu

Namna ya pili haiingizi nuru ubavuni. Juu ya chipu huchongwa mistari sambamba, mithili ya matuta ya viazi shambani, inayopishana kwa takriban nanomita 600. Uzi husimamishwa juu ya matuta hayo ukiwa umeinama nyuzi 8 hadi 10 kutoka wima. Kila tuta hutawanya nuru kidogo. Kwa kuwa nafasi kati ya matuta imepimwa kulingana na urefu wa wimbi, vijiwimbi vinavyotoka katika kila tuta hukutana vikiwa na hatua moja, hujumlishana, na kuelekea pamoja kando, ndani ya mfereji. Dirk Taillaert na wenzake wa Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, walieleza njia hii mwaka 2002.

Faida yake ni kwamba eneo la matuta lina upana unaokaribiana na ule wa doa la uzi wa kawaida, hivyo kupishana kwa mikromita moja au mbili si balaa. Aidha, chipu zaweza kujaribiwa zikiwa bado hazijakatwa kutoka kwenye sahani ya silikoni. Kasoro zake ni kwamba matuta huchagua urefu wa wimbi na mwelekeo wa mtetemo wa nuru, na kwamba sehemu ya nuru hupenya chini na kupotea. Matuta ya kawaida hupoteza desibeli 3 au zaidi, ingawa yale yaliyobuniwa kwa uangalifu hushuka chini ya desibeli 1.

Hakuna namna iliyo bora kwa kila kazi. Mwenye kuhitaji upeo mpana wa mawimbi huchagua ubavu; mwenye kuhitaji majaribio mengi kwa bei nafuu huchagua juu. Katika hali zote mbili, gharama ya kuelekeza uzi, kuugandisha na kuufungasha mara nyingi huizidi gharama ya chipu yenyewe.

5.0 Suala la istilahi

Katika kueleza taaluma hii kwa Kiswahili, nomino si tatizo kubwa. Uzi, kiini, gamba, mfereji na tuta ni maneno ya kila siku yaliyopanuliwa maana. Chipu, silikoni na desibeli ni maneno ya mkopo yaliyokubali sarufi ya Kiswahili. Neno “mkongo” limekwisha kuenea kwa maana ya waya mkuu wa mawasiliano, japo katika maandishi hutokea pia kama “mkonga”, ambalo kwa asili ni pua ya tembo. Mafundi husema “faiba”. Inafaa tu kukumbuka kwamba mkongo ni waya mzima, na uzi ni kimoja kati ya vingi vilivyomo ndani yake.

Tatizo lipo katika kitenzi. Kitendo cha kuitoa nuru kwenye uzi na kuiingiza kwenye chipu kwa kawaida huelezwa kwa Kiswahili kuwa ni “kuunganisha”. Kitenzi hiki kimejengwa juu ya mzizi -ung-, na maana yake ya msingi ni kufanya vitu viwili vishikamane. Kwa fundi anayeyeyusha ncha za nyuzi, neno hilo linatosha, kwani vitu vyenyewe vinafanana. Kwa uzi na chipu halitoshi. Uzi na chipu vyaweza kuunganishwa kwa gundi imara kabisa na nuru isipite. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba kazi ni “kuunganisha” ataridhika atakapoona vimeshikamana.

Kitenzi kinachofaa zaidi ni “kuoanisha”. Uchambuzi wa viambishi vyake unaonyesha sababu. Mzizi ni -o-, wa kitenzi “oa”. Kiambishi -an- huleta maana ya kutendana: “oana”. Kiambishi -ish- huleta usababishaji: “oanisha”. Maana ya “oana” imekwisha kuvuka mipaka ya ndoa tangu zamani. Husemwa kwamba maneno ya mtu hayaoani na vitendo vyake. Hapo hakuna harusi, bali kulingana au kutolingana kwa vitu viwili ambavyo kila kimoja kina umbo lake.

Kutendana huku kuna uzito wa kifizikia. Katika vioanishi vya kawaida kama hivi vilivyoelezwa, kiasi cha nuru kinachofaulu kutoka umbo la nuru la uzi kwenda lile la mfereji ni sawa na kile kinachofaulu kurudi, kutoka umbo la mfereji kwenda lile la uzi. Sifa hiyo si ya uzi peke yake wala si ya chipu peke yake. Ni ya uhusiano wao. Lugha isiyo na kiambishi cha kutendana hulazimika kulieleza jambo hili kwa sentensi nzima. Kiswahili hulibeba ndani ya kitenzi, na -ish- humtaja mhandisi anayelisababisha.

Aidha, mzizi huu huzaa familia kamili ya istilahi kwa kanuni zilizozoeleka. “Uoanishaji” ni mchakato. “Kioanishi” ni kifaa, kama “kiunganishi” kilivyotokana na “unganisha”. Na kwa bahati njema hakigongani na neno “kiunganishi” la sarufi, wala na “kiungo” cha mwili au cha mchuzi. “Uoanifu” ni kiwango cha kulingana, kinachoweza kupimwa kwa asilimia au kwa desibeli. Kwa mpangilio huo, kazi tatu hutengana: kuunga ni kushikamanisha, kulenga ni kuondoa kupishana, na kuoanisha ni kulinganisha maumbo ya nuru. Fundi akiambiwa “umeunga vizuri na kulenga vizuri, lakini hujaoanisha”, anajua pa kutafuta hasara.

Ipo hoja ya kukopa neno la Kiingereza na kulitohoa, na hoja hiyo haipaswi kudharauliwa. Nchini Tanzania, “kompyuta” imelishinda “ngamizi” na pia “tarakilishi”, licha ya juhudi za wataalamu. Watumiaji ndio huamua. Lakini kompyuta ni kitu kinachoonekana. Aliyekiona amelielewa jina lake. Uoanishaji hauonekani kwa macho. Jina la jambo lisiloonekana lina kazi ya ziada ya kulieleza, na neno lililotoholewa halina uwezo huo kwa msikilizaji asiyejua lilikotoka.

6.0 Darasani na kazini

Suala hili si la kamusi pekee. Katika shule za msingi za serikali nchini Tanzania, mtoto hujifunza kwa Kiswahili kwamba nuru husafiri katika mstari mnyoofu na kwamba kioo bapa huiakisi. Aingiapo sekondari, mada hizo hizo humjia kwa Kiingereza. Akifika chuo cha ufundi, vitabu na maelekezo ya vifaa huwa kwa Kiingereza, lakini kazini, juu ya nguzo au ndani ya shimo la nyaya, hufundishwa na fundi mkongwe kwa Kiswahili. Maarifa yake yamevuka kutoka lugha moja hadi nyingine mara mbili kabla hajashika uzi wa kwanza.

Ikumbukwe kwamba taasisi za Kiswahili hazikulala. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa mwaka 1967. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Upungufu uliopo ni kwamba kazi za istilahi zimeelekea zaidi kwenye nomino na majina ya vifaa, na kwamba kikao cha istilahi hukutana mbali na pale neno linapofanya kazi. Mafundi wanaohudumia nyuzi za Kagera na Kigoma wana maneno yao ya kutofautisha kiungo kizuri na kibaya, uzi uliopinda kupita kiasi na uzi uliovunjika. Maneno hayo yasipokusanywa, kamusi itasanifu yasiyotumika na kuacha yanayotumika.

7.0 Hitimisho

Mhadhara umeonyesha kwamba nuru yaweza kusafiri makumi ya kilomita kwa hasara ndogo na inayotabirika, kisha ikapotea karibu yote katika mguso wa mikromita chache. Kinachoiokoa ni kubadilishwa umbo polepole hadi ioane na mahali inapoingia.

Mapendekezo matatu yanafuata. Mosi, istilahi za taaluma hii zitenganishe kuunga, kulenga na kuoanisha, na vitabu vya ufundi visitumie “kuunganisha” kwa maana zote tatu. Pili, istilahi zinazopendekezwa, zikiwamo zilizotolewa hapa, zipelekwe kwanza kwa mafundi, na zipimwe kwa swali moja: je, fundi aliyelisikia neno anagundua hasara haraka zaidi kuliko asiyelisikia? Tatu, wanafunzi wa isimu wapatao nafasi ya utafiti wa uwandani wafike pia kwenye vituo vya kupozea umeme na vya mawasiliano, kama wanavyofika vijijini kukusanya methali. Nyakanazi ni mahali pazuri pa kuanzia, kwa kuwa hapo Kiswahili kinatumika kila siku na watu wenye lugha nyingine za mama, na kwa sababu hiyo neno lisiloeleweka halidumu.